Mwanamke Aliyetupangusa Jasho

Sikuwa nimekunywa. Nianze hapo, maana najua ndilo swali la kwanza. Mtu anayeandaa muziki hanywi. Akinywa, nani atafunga mlango kabla polisi hawajafika? Wala sikuota, wala sikuhadithiwa na mtu. Nakueleza jinsi nilivyopoteza jasho na machozi, mimi mwenyewe, hapa Elisabethville, katikati ya watu waliokuwa wakicheza. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, hata hilo halitaniuma, na utaona kwa nini.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya pili vya Wazungu. Nilikuwa karani wa reli, nimesoma kwa mapadri hadi sekondari, na baada ya kazi sikuwa na shughuli nyingine kichwani ila muziki. Mama Ngoie alikuwa na nyumba ya matofali ya udongo wa kichuguu katika cité ya Albert, mtaa wa watu weusi, na nyuma yake ua mpana wenye mabenchi na uzio wa matete. Aliuza bia na samaki wa kukaanga. Alipenda watu. Mgeni akiingia na sura ya msiba, alimwita tata, yaani baba, akamwambia, "Ingia, tata. Hiyo uso wacha ku mulango, utaichukua saa ya kutoka." Sijaona tena mahali ambapo mtu asiyejulikana alipata benchi haraka namna ile.

Pale ndipo nilipoandaa muziki kila Jumamosi. Nilikwenda kwa chef de cité, mkuu wa mtaa, kuomba ruhusa, nilitafuta wapigaji, nilipanga nani aanze na nani afuate. Siku zote niliweka bendi mbili, ya reli na ya kambi ya wachimbaji, ili moja ikipumzika nyingine ishike. Tulianza jua likiwa bado juu na tulimaliza kabla ya saa tatu usiku, maana baada ya hapo mtu mweusi kukutwa njiani ilikuwa kesi.

Bendi za siku zile zilikuwa na vyeo. Tulivirithi kutoka ngoma za baba zetu, zile walizocheza kwa kuiga jeshi na hospitali ya Wazungu. Kila bendi ilikuwa na rais wake, daktari wake asiyejua dawa yoyote, na ma sœur wake. Ma sœur alikuwa mwanamke aliyevaa nguo nyeupe kama mtawa wa hospitali. Alipita kati ya wapigaji na kitambaa na kioo kidogo, akiwapangusa jasho na kuwaonyesha sura zao, wabaki nadhifu mbele ya watu. Mara nyingi alikuwa mke au dada wa mmoja wao. Usicheke. Bendi isiyo na ma sœur ilidharauliwa.

Mpiga gitaa wa bendi ya reli alikuwa rafiki yangu Kalenga, mtu wa kaskazini kama sisi. Mama yangu hakukosa Jumamosi hata moja kwa ajili yake. Alikuwa mjane wa fundi wa reli, tulitoka Kongolo nikiwa mdogo, na Kalenga alipoimba wimbo wake wa treni inayorudi nyumbani bila wewe, mama alilia waziwazi, kisha alicheka, kisha alinyanyuka kucheza. Nilimwambia anatia aibu. Alinijibu, "Aibu ya nini? Kulia iko kazi kama kazi ingine. Nikilia leo, usiku nalala muzuri."

Joto la Oktoba kwetu, kabla ya mvua, unalijua? Mabati yanalia yenyewe. Jumamosi moja ya joto hilo nilimwona ma sœur mgeni. Hakuwa mzuri wala mbaya, hakuwa kijana wala mzee. Nguo nyeupe ya kupigwa pasi, viatu vya turubai, kitambaa mkononi. Kioo hakuwa nacho. Hilo peke yake lingetosha kutushtua, lakini niambie, nani anatafuta kioo wakati muziki umepamba moto? Alipita kwa Kalenga, kwa mpiga chupa aliyeshika mdundo, kwa watu wa ngoma, akawapangusa polepole, na kwa kila mmoja alisema maneno yale yale: "Pole na kazi, tata."

Bendi ya kambi ilipoingia, aliwapangusa na wao. Rais wao, mtu mnene aitwaye Mwamba, alimtania mkewe ambaye ndiye aliyekuwa ma sœur wao:

"Ona wenzako banavyopangusa. Weye unanisugua kama sufuria."

"Sufuria iko muzuri," mkewe alimjibu. "Haina mudomo."

Watu walicheka, na hapo ndipo kosa letu lilipolala. Watu wa kambi waliamini yule mwanamke ni wa reli. Watu wa reli waliamini ameletwa na kambi. Mimi niliyewaalika wote niliona ni mmoja wao tu. Kumuuliza ma sœur wa bendi ya mwenzio ametoka wapi ilikuwa sawa na kumchokoza mke wa mtu, basi hakuna aliyeuliza.

Jumamosi iliyofuata alikuja tena. Kalenga alipiga bila kosa hata moja. Nyuzi zilitii, sauti haikutetereka. Alipofika kwenye wimbo wa treni nilimtazama mama. Alikuwa amekaa, mikono mapajani, macho makavu.

"Mama, leo hulii?"

"Nilie nini? Kalenga leo anapiga kama cherehani."

Katikati ya juma Kalenga alinifuata kazini. Alisimama karibu na mizani ya mizigo, akaniita yaya, yaani kaka, na akaongea kama mtu anayesoma tangazo.

"Yaya, mutoto wangu alianguka jana, akapasuka kichwa. Nilimubeba mupaka ku hospitali. Muke yangu alikuwa analia njia yote. Miye nilikuwa naangalia miti."

"Mutoto iko namna gani?"

"Atapona. Lakini nilikimbia na jua kali, yaya, na shati ilibaki kavu. Gusa. Tangu ile siku ya kupanguswa, hapana jasho. Nashika gitaa, vidole binajua njia, miye siko mule."

Niligusa shingo yake. Ilikuwa kavu na baridi kidogo, kama ukuta wa nyumba ya matofali asubuhi. Nilimuuliza kama anaona ni kitambaa cha yule ma sœur wao.

"Wetu?" alisema. "Siye hatuna ma sœur tangu dada yangu aliolewa Jadotville. Ule ni wa kambi."

Jioni ile tulipanda baiskeli hadi kambini kwa Mwamba. Tulimkuta mlangoni pake, anakula. Alitusikiliza, akaacha kutafuna. "Ma sœur wetu ni huyu muke yangu, munamujua," alisema. "Ule mwingine tuliwaza ni wenu." Halafu alijipitishia kiganja kwenye paji la uso, na akakitazama: kilikuwa kikavu. Mkewe tu ndiye aliyeanza kulia, kule ndani.

Utauliza kwa nini hatukufuta Jumamosi ya tatu. Ruhusa ilikuwa imetoka, na Mama Ngoie alikuwa amekwisha kununua bia. Na nikuambie kweli, nilitaka kumwona nikiwa macho. Niliwaagiza wapigaji waliobaki na jasho wajifute wenyewe kwa mikono ya mashati, na yeyote asimpe uso wake.

Alikuja taa zilipowashwa. Sikuona amepita mlango gani. Alimwendea mpiga chupa mpya wa reli, yule akageuza kichwa. Alimwendea mpiga ngoma mpya wa kambi, naye akajiinamia. Hakukasirika. Alisimama katikati ya ua na kitambaa chake, kama mtu anayefikiria ataanza na chungu kipi, kisha akageukia watazamaji. Mama yangu alikuwa ametoka kucheza. Alikuwa ameketi karibu na uzio, anahema, uso mzima unang'aa kwa jasho, anacheka na jirani yake. Yule mwanamke akaanza kumwendea.

Nilimkatia njia. Nilisimama mbele yake, karibu kama ninavyokaribiana nawe sasa.

"Mama, uko wa bendi gani?"

"Niko wa bantu benye kuchoka."

"Pa hapa, benye kuchoka beko na bibi zabo na dada zabo. Nani alikuita?"

"Bananiita bote," alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hilo ndilo nalikumbuka zaidi. "Ule mama pale alilia maisha yake yote. Hapana kuchoka? Acha nimupanguse kidogo tu."

"Hapana. Ule ni mama yangu."

"Basi weye ndiye umechoka zaidi," alisema. "Pole na kazi, tata."

Na akaninyooshea mkono. Ningeweza kuinama kama wale wengine. Lakini mama alikuwa nyuma yangu, hatua chache, na kama ningeinama mkono ule ungempata yeye. Sikusogea.

Kitambaa kilikuwa kikavu. Amini. Kilikuwa kimepangusa nyuso za bendi mbili kwa Jumamosi mbili, na kilikuwa kikavu kama kimetoka kwenye pasi. Hakikuuma. Ilikuwa kama mtu anayepita ndani ya nyumba akizima taa, chumba hiki, kisha kile, bila haraka, akijua nyumba vizuri. Nilipofungua macho muziki ulikuwa unaendelea. Niliusikia wote, kila uzi. Ulikuwa kama mvua inayonyesha kwenye nyumba ya jirani.

Yeye hakuwepo. Nilikwenda mlangoni kwa Sergent, askari mstaafu aliyekuwa akilinda pale, nikamuuliza kama mwanamke wa nguo nyeupe ametoka.

"Mwanamuke gani?"

"Ule ma sœur anayepangusa bantu."

Alinitazama kama anapima kama namtania. "Ba karani, kila Jumamosi miye naona banamuziki banainua uso na kufunga macho, na hapana muntu mbele yabo. Niliwaza ni mutindo mupya."

Sergent alikuwa mtu wa kukaa tu mlangoni, kwenye upepo. Tulipoulizana baadaye, wote waliomwona walikuwa wale waliotoka jasho.

Mama alijua kabla sijamwambia. Usiku ule nyumbani alinigusa shavu, akaukagua mkono wake, akakaa chini. Nilimweleza yote. Hakusema pole, neno lile hakulisema kwangu tena. Alilia. Alinililia usiku ule, na mara nyingi baadaye, wakati ninakula, wakati ninavaa kwenda kazini, hata niliporudi na habari njema. Mapadri walimwombea, mganga wa Kiluba alinipa mizizi ya kuoga. Sikubadilika.

Alifariki baada ya misimu mitatu ya mvua. Kilio kilijaa watu. Nilimuosha miguu, nilimbeba, nilitupa udongo, na uso wangu ulikuwa kama huu unaouona. Shangazi zangu walinifinya mbavu nilie. Mjomba alisimama mbele ya wote akauliza, "Muntu asiyelia mama yake, iko muntu gani?" Wengine walishajibu kimoyomoyo, na jibu lao lilikuwa uchawi. Kalenga peke yake alikuja kukaa nami kwenye mkeka. Tulikaa, watu wawili wakavu, tukiangalia wengine wakifanya kazi yetu.

Tangu hapo sijakaa mji mmoja kwa muda mrefu. Nimekaa Jadotville, Kolwezi, Kamina, nimefika hadi ziwani, na nimerudi tena. Popote ninapofika natafuta bar yenye ua na mwenye roho nzuri, na naandaa muziki, kwa kuwa ndicho ninachokijua. Watu wanaridhika. Mimi nasimama mlangoni na kutazama nyuso zao zinavyolowa, na nakumbuka tu kwamba zamani nilikuwa miongoni mwao.

Kwa hiyo wewe unayeweka muziki, nisikie. Mjue kila anayegusa watu wako. Muulize mbele ya wote ametoka wapi na ni wa nani, na asipotaja jina la mtu unayemjua, simamisha muziki. Usione haya. Na ukiwa umechoka, uso umelowa, na mtu usiyemjua akakuambia pole kwa sauti tamu, jifute kwa mkono wako mwenyewe.

Watu huniuliza kama najuta kwamba sikuinama. Siwezi kujuta, hilo nalo lilizimwa. Ninachojua ni kwamba mama yangu alikufa na machozi yake yote, na kwamba tangu azikwe, hakuna tena anayenililia.