Tikiti la Kitambaa Chekundu

Harufu ya tikiti maji likipasuliwa ndiyo iliyonirudisha nyumbani, na ilinikuta Houston, mtaa wa Gulfton, Jumapili moja ya mwaka 2019, kwenye kochi la rafiki yangu Otieno. Mimi naishi Fort Worth. Nina malori manne, yote yangu, na darasa la saba sikulimaliza. Nawaambia mapema ili mjue mko na nani. Nilikuwa nimeshusha mzigo, na Otieno, nesi, Mkenya wa Kisumu, alisema sipiti mlangoni kwake bila kula.

Basi anakata tikiti, televisheni inasoma habari za michezo za wikiendi, rimoti ikagoma. Otieno akafungua tochi yake, akatoa betri, akazitia kwenye rimoti. "Stima ikipotea tutajuana," akasema, sauti ya televisheni ikapanda.

Ndipo wakaonyesha mashabiki wa Kanada. Wana mpira wao kule, wa kushika kwa mikono kama huu wa Marekani, na iko timu moja ya nyanda za ngano ambayo mashabiki wake hukomba tikiti maji na kulivaa kichwani kama helmeti. Watu wazima, wana ndevu, maji yanawachuruzika shingoni.

"Aki, cheki hawa wazee!" Otieno akacheka mpaka akaweka kisu chini.

"Hao wamechelewa," nikamwambia. "Mimi nilivaa zamani."

"Wacha uongo, bro."

Si uongo. Nilikuwa na miaka kumi, kijijini kwetu kando ya reli, upande wa Manyoni. Nililelewa na Bibi, mama yake baba, aliyekuwa akiniita mume wangu, na nikikosea ananiita mume wangu mvivu. Bibi alilima matikiti ambayo hayakuwa na mfano: mistari yake myeusi imejipinda kama nyoka, ukiliona sokoni unajua hili limetoka kwa nani. Siku moja ya jua kali nilivaa kipande cha ganda kichwani, nikaenda hivyo uwanjani. Timu yetu, iliyokuwa imezoea kufungwa, ikashinda. Jumamosi ya pili nikavaa, tukashinda. Ya tatu, nahodha wetu Sefu, fundi baiskeli, mtu mwenye miguu kama matao, akanishika bega mbele ya watu wote. "Kijana, wewe usije hapa bila kofia yako. Sikia?"

Jamani, nani kama mimi? Nilitembea kijijini kama diwani.

Ikabaki fainali ya kata, na kijiji cha ng'ambo ya reli. Hawa walikuwa wakitucheka kwamba sisi jina letu halijawahi kusomwa redioni. Safari hii mwandishi wa wilaya angekuja, na mshindi angesomwa Jumapili jioni katika habari za michezo. Tatizo likawa moja: matikiti yalikwisha. Limebaki moja tu, chini ya kitanda cha Bibi, limefungwa kitambaa chekundu.

Kitambaa chekundu kwetu kina maana yake. Hilo ni tikiti la mbegu, kubwa kuliko yote, halionjwi mpaka limeiva kupita kiasi. Siku likipasuliwa, kila anayekula anarudisha mbegu kwenye bakuli la mwenye shamba. Humezi, hutemi ovyo. Ndani ya tikiti lile mlikuwa na shamba zima la mwaka unaofuata.

Nikalichukua. Bibi alikuwa kisimani. Nikalikata nyuma ya choo, nikalikomba, nyama yake nikaibeba kwenye sufuria mpaka uwanjani. Nikagawa kama bwana harusi! Mashabiki wakala, wachezaji wakala, mwamuzi naye akanyoosha mkono. Mbegu zikatemwa huku na huku.

Mapumziko ilikuwa bila bila. Nikamwona Bibi anakuja kwa mguu wa haraka, bakuli mkononi, kitambaa chekundu begani. Hakunigusa. Alitazama kofia yangu, kisha akageukia umati.

"Nani kala?"

Watu wakafuta midomo.

"Nauliza tena. Nani kala tikiti la kitambaa?"

Sefu akainua mkono kama mwanafunzi. Kisha wa pili, wa tatu. "Rudisheni," Bibi akasema, akapiga magoti, akaanza kuokota kwenye nyasi. Wallahi, watu wazima wote wakainama. Mashabiki, wachezaji, hata wale wa ng'ambo ambao hawakupata kipande, maana nao wana mabibi. Mwamuzi akatoa mbegu mbili shavuni, akazifuta kwa shati, akazitia bakulini kwa adabu. Kipindi cha pili kilichelewa sana. Bakuli halikujaa, lakini chini yake palifunikwa.

Tukashinda moja bila. Kofia niliivaa mpaka mwisho, kwa amri ya Bibi mwenyewe. "Ushaua, basi vaa," alisema.

Jumapili jioni nilikaa pembeni nikisubiri fimbo. Redio yetu ilikuwa bubu tangu mavuno. Betri zilishaanikwa juani mpaka zikachoka. Lakini jioni ile Bibi aliiwasha, ikaongea. Msomaji akasoma mechi za mijini, akasoma za mikoani, halafu akalitaja jina la kijiji chetu, taratibu, kama mji mkubwa. Nikaruka mpaka kigoda kikapinduka. Bibi alikuwa anazipaka mbegu majivu, hakuinua kichwa. "Umesikia, mume wangu mvivu?" Basi.

Mwaka uliofuata shamba lake lilikuwa dogo, na nyuma ya duka la Mzee Rajabu yakaota matikiti yenye mistari iliyojipinda. Nikasema mwizi huyu! Nilimchukia Mzee Rajabu miaka na miaka. Hata nilipokuwa utingo na kupita pale na lori la watu, sikumsalimia, nikijiona mtu wa haki.

Mimi hupenda kusema nimejitengeneza mwenyewe, na nimelisema hilo Dallas na Houston kote. Lakini pale Gulfton, tochi ya Otieno iko wazi mezani, nikakumbuka kwamba Mzee Rajabu ndiye aliyekuwa akiuza betri. Bibi hakuwa na kitu kingine cha kumpa siku ile ila zile mbegu.

"Mbona huli?" Otieno akaniuliza. "Kula."

Nikala. Tikiti lilikuwa tamu, la dukani, limetengenezwa lisiwe na mbegu. Nilizitafuta hata hivyo, kipande kwa kipande, kwa ulimi.