Kuitika Kabla ya Tuktuk

Kwetu ni nyuma ya Mtongwe, ndani kabisa, ambako lami imekwisha na njia ya mchanga inateremka kati ya minazi na mihogo hadi karibu na mikoko. Matatu haziingii. Iko tuktuk moja tu, ya kijana wa jirani, hupita asubuhi kuelekea Likoni. Kwenye mteremko yule kijana huzima injini asichome petroli bure, akaiacha iteleze yenyewe. Kwa hiyo husikii ngurumo. Unachosikia ni jina lako. Anakuita penye kichochoro chenu, unaitika, anakungoja. Usipoitika, ameshapita.

Asubuhi hiyo nilikuwa na usaili Changamwe, saa tatu, kwenye ghala lililotaka karani. Tangu nimalize chuo nilikuwa nimetuma maombi kila mahali, na huo ndio usaili wa kwanza kuitiwa. Niliamka nikiwaza kama blauzi nyeupe itaonyesha najitutumua, kama nikisema shikamoo wataniona mshamba, kama nisiposema wataniona sina adabu. Mvua ilikuwa imenyesha, na ukungu ulikuwa umepanda kutoka majini ukajaa uani hata jiko la nje halionekani.

Nikasikia jina langu. Mara moja, polepole, upande wa njiani.

"Abee! Naja!" Nikakamata bahasha ya vyeti, nikatoka mbio.

Njiani hapakuwa na kitu. Mchanga ulikuwa umelowa, na juu yake hapakuwa na alama ya gurudumu wala ya unyayo ila zangu. Hata kunguru walikuwa kimya.

Bibi alinifuata, ufagio mkononi. "Nani kakuita?"

"Dereva."

"Umemwona?"

"Bado."

"Na umeitika mara ya kwanza?" Ufagio ukamponyoka.

Mtoto wa kwetu hufundishwa mapema: usiyemwona akikuita, nyamaza. Akirudia, nyamaza. Akiita mara ya tatu ndipo uitike, kwani binadamu mwenye haja nawe hachoki. Nilijua hayo yote. Lakini tuktuk haina subira ya mara tatu, na sisi wa njia ile tumekwisha kuzoea kuitika upesi.

Tuktuk ikatokea ukunguni bila sauti. Nyuma alikaa mama anayeuza mahamri Likoni, amepakata beseni lake.

"Mbona mmesimama kama mnangoja jeneza?" dereva akatania.

Bibi akamweleza. Kicheko kikamtoka. "Mimi? Wallahi sijamwita mtu. Ndio kwanza nateremka."

"Basi hapandi," akasema mama wa mahamri. "Feri iko mbele yake. Mtu kaitikia asichokiona, wewe umfikishe kwenye maji?"

"Mama, nina usaili."

"Usaili hauogelei, mwanangu."

Dereva akajikuna shingo. "Bibi, rudi nyumbani basi. Mwite toka mlangoni, aitike ya tatu, ile ya kwanza ifutike, twende zetu. Lakini hima."

Bibi akarudi, ukungu ukammeza. Mimi nikabaki nimeikumbatia bahasha, nikiwaza ya saa tatu.

Akaita. Nikanyamaza. Akaita tena, sauti ikakwaruza mwishoni. Nikanyamaza. Kisha pakawa kimya, kimya kirefu, nikasikia matone yakidondoka kwenye makuti.

Ya tatu ilikuja safi, haina mkwaruzo. Ilikuwa sauti ya bibi, ila niliisikia ikitoka chini, upande wa mikoko, na nyumba yetu iko juu.

Nikajiambia ukungu hupotosha sauti. Nikajiambia pengine bibi kazunguka nyuma, kwenye banda la kuku. Nikamtazama mama wa mahamri. Alikuwa akifunika beseni ambalo tayari lilikuwa limefunikwa. Dereva alikodolea macho usukani.

"Itika basi," akanong'ona.

Nisingeitika, wangeniacha. Niliitaka ile kazi.

"Abee," nikasema.

Nikapanda. Mama wa mahamri akanipisha, zaidi ya nilivyohitaji, akaliweka beseni katikati yetu. Alipokuwa akishuka Likoni alinipa hamri moja. Hakuniwekea mkononi, aliliweka kitini, juu ya kipande cha gazeti, akaenda zake.

Changamwe nilifika mapema. Waliniuliza maswali nikayajibu yote bila kujikwaa, mimi ninayejikwaa hata nikiagiza chai. Hata mikono haikutoka jasho. Kabla sijaondoka walikwishaniambia kazi ni yangu.

Jioni bibi alinipokea mlangoni, akanishika mashavu. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuita mara mbili, kikohozi kikanibana. Nilipopata pumzi mlikuwa mmeshaondoka. Yule kijana alikubalije?"

"Alinionea huruma," nikamwambia.

Sasa nimepanga chumba Magongo, kando ya barabara ya malori, ambako kelele hazikomi na hakuna anayemwita mtu kwa jina kutoka njiani. Bibi hupiga simu kuuliza nitakwenda lini kumwona. Namjibu mwisho wa mwezi, inshallah, na mwezi unakwisha. Kazini mkubwa wangu husema hajapata kuona karani mtulivu kama mimi, asiyebabaika na chochote. Nikirudi chumbani nakaa kitandani na viatu vyangu miguuni, nikiwaza huyo anayesifiwa ni nani.