Malizia Wewe

Mama wa sabuni wa Chemchem, akitaka kumwingiza mtu kwenye biashara yake ya kuuza sabuni, hana hotuba. Anabisha hodi, anasalimia mpaka habari za kuku zinaisha, kisha anaomba sufuria iliyoungua. Anakaa kwenye kigoda na kuisugua polepole kwa sabuni yake, vidole vyake vinene vikizunguka palepale. Ikianza kung'aa anamkabidhi mwenyeji: "Malizia wewe, mwanangu." Ndivyo alivyomwingiza Levina, ambaye kigugumizi kilikuwa kimemfukuza kwenye kila kazi ya kuuza. "Nikiongea sana," alimwambia, "wewe utanifuata vipi?"

Siku ya kwanza ya Levina, huko Ipole, salamu ilimkwama mlangoni. Mama wa sabuni, aliyemsindikiza, hakumsaidia hata neno. Alitulia, mikono imelala mapajani, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Shikamoo ikatoka. Levina akaomba sufuria, akasugua, na "malizia wewe, mama" ikatoka nzima. Mwenyeji akamalizia, kisha akauliza na yeye anaanzaje kuuza. Jioni Levina alikwenda Chemchem kumshukuru mama wa sabuni, maneno yakagoma. Akaomba sufuria, akaisugua mpaka mwisho, asimwachie mwenye sufuria hata pa kumalizia.