Siku Mguu Wangu Ulipopona Mbele ya Mama Mkwe

Haya, chekeni, nimeshazoea. Mimi ndiye yule mlinzi aliyelala akawaachia ndege uwele wa kijiji kizima, na aibu yenyewe wala haikuwa kulala, subirini.

Mguu wangu wa kushoto ulikanyagwa na ng'ombe huku kwetu Mtinko, kidonda kikapona, moto ukabaki ndani (mganga wa zahanati alisema ni mishipa ya fahamu), hata shuka likiugusa naruka. Kwa nje hauna kitu, na kwenye kijiji cha ujamaa mtu wa mguu usio na kitu asiposhika jembe anaitwa kupe, kwa hiyo mwenyekiti aliponipa kazi ya kukaa juu ya dungu kufukuza ndege nilishukuru sana. Dawa aliyonipa mganga nayo ilikuwa na mambo yake: nikimeza usiku, kama nilivyoambiwa, naamka kichwa kizito na mdomo mkavu, na ndege hawangoji; nisipomeza, silali kabisa. Mganga akasema, "Jiangalie mwenyewe, kipi kinakutesa zaidi, mguu au dawa, uje unieleze." Basi nikajiona mtafiti. Siku moja nikaamua nimeze alfajiri, nikiwa hukohuko juu, ili madhara yakija niyaone mchana kweupe.

Sikuyaona, maana la kwanza kuja lilikuwa usingizi.

Nikazinduliwa na sauti, "Ndugu mlinzi, habari za kazi?" Chini kasimama mwenyekiti, nyuma yake akina mama waliokuja kuvuna, na mbele yao mama mkwe, ambaye siku zote nikimwona njiani nampisha porini. Ndege wanakula bila wasiwasi. Nikakurupuka, nikasahau ile kamba ya madebe ya kutishia ndege niliyojifunga kiunoni (eti nisilale), nikaikosa ngazi, nikashuka na madebe yanalia shamba zima, nikatua kwa mguu wa kushoto karibu na miguu ya mama mkwe.

Haukuuma. Nikaukanyagia tena kuhakikisha, kisha nikarukaruka, nimewasahau watu wote kwa furaha, kwa sababu sikuwa nimeukanyagia hivyo tangu yule ng'ombe. Nilipoinua macho, mwenyekiti hakuwa anatazama ndege, alikuwa anautazama mguu.

"Kumbe mzima," akasema taratibu.

Nilitaka kumweleza habari ya kidonge, lakini mama mkwe alishapiga kigelegele. Hakunitazama usoni, si desturi, aliwaambia wenzake, "Mwanangu analia kila siku kwa ajili ya mume wake. Leo Mungu amemponya." Wakaitikia wote kwa vigelegele. Sasa niambieni, nimbishie mama mkwe mbele ya watu, niseme Mungu hajaponya kitu, ni kidonge tu na jioni kitaisha?

"Ndiyo, nimepona," nikasema.

Jumatatu nikapangiwa kubeba matofali ya shule, na moto ulikuwa umerudi siku ileile niliyoanguka, jua halijazama. Niliona uchungu, sifichi. Tangu hapo nimeapa kidonge ni cha usiku tu, na siku mguu usipouma, mimi nachechemea vilevile.