Mibuni Tuliyoichoma

Wiki iliyopita nilitoka Nyanga, mjini ninakofundisha, nikaenda Muleba kumsaidia mama kuchuma kahawa. Redioni wanasema wanunuzi wa ng'ambo wanaitaka sana robusta yetu msimu huu, na bei ni nzuri. Nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda, goti limefungwa kitambaa, kahawa zilizoiva zinadondoka zenyewe chini ya mibuni. Akaniambia, "Bei imekuja, mwanangu, lakini mikono imeondoka."

Nilichuma hadi kiuno kikagoma. Ndipo nikakumbuka, rafiki yangu, mwaka ambao kibanja chetu, shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kilikuwa na mikono mingi na hakikuwa na cha kuchuma.

Ulikuwa mwaka wa mnyauko, nikiwa darasa la nne. Kabla ya hapo majirani na mashangazi walikuwa wakiingia kibanjani umande haujakauka, wanaimba, na mchana bibi aliwapakulia ndizi na maharage juu ya majani ya mgomba. Kahawa tulianika uani kwenye mikeka. Ngurumo ikisikika kutoka ziwani, kila mtu aliacha alichoshika akakimbilia mikeka. Harufu ya maganda yanayokauka, tamu kama ya tunda linaloanza kuchacha, tuliivaa mpaka kanisani.

Mnyauko ulianza na majani ya njano. Bwana shamba alikuja, akakwangua gome la mbuni mmoja kwa kisu, akatuonyesha michirizi myeusi ndani yake.

"Huu hauponi," alisema. "Ng'oeni, mchome hapohapo. Na panga lililokata mti mgonjwa lisiguse mzima kabla halijapitishwa motoni."

Baba aling'oa, tukachoma, siku baada ya siku. Ila bibi alipoulizwa kuhusu mbuni ulio kando ya kaburi la babu, alijibu kwamba huo ni mzima.

Haukuwa mzima. Kila asubuhi bibi aliniamsha tukayachume majani yaliyogeuka rangi kabla watu hawajaanza kupita. Tawi moja lilipokauka kabisa, alilikata kwa panga. Siku ileile jirani yetu, mzee aliyekuwa na mibuni mizuri kuliko yote kitongojini, alikuja kuliazima. Mpini wa lake ulikuwa umevunjika. Bibi alinitazama. Kulipitisha motoni mbele ya mgeni kungekuwa kukiri. Alilifuta kwenye nyasi, akampa. Nami nikanyamaza.

Kabla ya mavuno yaliyofuata, mibuni ya jirani ilianza kunyauka. Bibi alijifunga kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono, tukaenda. Alipiga magoti mlangoni, akasalimia, na hakuinuka.

"Nilikupa panga lenye ugonjwa," alisema. "Nilijua."

Jirani aligeuka akaitazama mibuni yake. Nilisikia kuku wakiparura nje. "Ugonjwa uko vijiji vyote, mama," alisema hatimaye. "Huenda ungefika tu."

"Huenda. Lakini panga nilikupa mimi."

Hakumfukuza, wala hakutamka kwamba amemsamehe. Aliingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama anavyopokelewa mgeni yeyote kwetu. Bibi alichukua punje moja, akaishika kiganjani hadi tulipoaga. Kesho yake aling'oa mbuni wa babu kwa jembe, peke yake, akikataa msaada wa baba. Ilimchukua kutwa nzima.

Sisi tulipanda miche mipya iliyotoka kituo cha utafiti cha Maruku, ile inayostahimili mnyauko, na ndiyo hii inayomshinda mama leo. Jirani hakupanda kahawa tena. Alipanda mikaratusi, na wanawe wakaenda kuvua samaki kisiwani Bumbire. Mpaka leo sijui kama ni panga letu lililomwangusha. Bibi naye alikufa bila kujua, na nadhani hilo ndilo lililomchosha kuliko jembe lolote.

Waliokuwa wakituimbia kibanjani wengi wamezikwa, na watoto wao wako mijini, kama mimi. Wiki iliyopita, jua lilipoinama, nilikuwa nimemaliza mistari miwili tu ya mibuni. Mama aliniuliza kama wanangu wanaweza kuja likizo kuchuma. Nilimjibu kwamba nitawauliza. Sikumwambia kwamba yule mdogo aliwahi kutaka kujua kama kahawa ni majani, kama chai.