Nusu Yangu Ilikuwa Waya

Kwa kuwa wanajua mimi ni mtu wa kupiga bei, watu huniuliza kama inafaa kununua tena zile gemu za utotoni, ambazo siku hizi zinauzwa mtandaoni na kushuka moja kwa moja hadi kwenye mashine, bila CD wala kava. Jibu langu fupi ni hapana. Jibu refu lina kaka yangu ndani yake. Yeye nami tulikaa miaka sita bila kusemezana.

Tulikulia Chaani, nyumba ya vyumba viwili. Baba alikuwa fundi wa mitambo katika karakana moja karibu na bandari. Kaka alikuwa na miaka kumi na sita na mimi kumi na mitatu tuliponunua mashine ya gemu kutoka kwa baharia aliyekuwa na haraka ya kuondoka. Tulitoa nusu kwa nusu. Kwangu mimi, nusu kwa nusu maana yake ni kwamba hakuna anayegusa bila mwenzake, kwa hiyo nikaweka masharti: kaka alitunza CD, mimi nikatunza waya wa umeme. Mashine yenyewe na pedi zake mbili zilikaa mezani, kila mtu azione. Mashine bila CD ni taa inayowaka tu, na bila waya ni sinia.

CD aliificha nisikojua hadi leo. Waya niliuweka chini ya godoro langu. Kila siku baada ya shule alikuja ameishika CD kwa kingo, kama daktari, nami nikaja na waya nimeukunja. Kama asubuhi tuligombana, ilibidi tupatane kabla ya saa kumi, la sivyo hakuna gemu. Hatukuwahi kununiana zaidi ya siku moja. Wakati ule nilidhani ni tabia njema.

Ilikuwa gemu ya kupigana, mmoja kwa mmoja. Runinga yetu na mashine ile hazikuelewana, kwa hiyo kila kitu kilitoka cheusi na cheupe. Mpiganaji wangu alikuwa mtu mzima mwenye koti la kijivu, mtu wa heshima zake. Kaka akinishinda alikuwa akivuma wimbo wa kanisani polepole, ubeti mzima, ananiangalia. Kuchapwa nilikuwa nakuvumilia. Kilichonishinda ni ule wimbo.

Baba hakuigusa mashine. "Hiyo si mali yangu," alisema, akaifuta vumbi hata hivyo. Mali yake ilijulikana, kwa sababu pale karakana spana zilikuwa na miguu, na yeye alipaka kila chombo chake nukta mbili za rangi nyekundu. Tabia ile akaileta nyumbani: nyundo, beseni, redio, hata kikombe chake cha chai, vyote nukta mbili. Mashine yetu hakuipaka. Kisha siku moja nilipochomoa waya wangu chini ya godoro nikaona nukta mbili nyekundu kwenye plagi. Nikafurahi. Nilidhani hatimaye ametukubali, na zaidi ya yote amekubali nusu yangu. Sikumwambia kaka, asije akataka na CD yake ipakwe.

Tulikua. Kaka akapata kazi ya kuendesha mashine za kubeba makontena. Mimi nikaingia spea za malori, za mitumba, Changamwe. Mashine ilibaki mezani kwa wazee, CD kwake, waya kwangu, na tulipotembelea Jumapili tulicheza raundi mbili tatu, watu wazima wenye wake zao.

Kisha baba akafariki. Tukamzika nyumbani, Kaloleni, na matanga yalipokwisha wanaume wakaketi uani kusikiliza vitu vya marehemu. Kaka, kifungua mimba, ndiye aliyevipakia kutoka Chaani, na ndiye aliyesoma orodha. Walikuwapo wanaume tisa wa ukoo, bila kutuhesabu sisi wawili.

"Baiskeli, moja. Sanduku la vifaa, moja. Redio, moja."

Mimi nilikuwa nimeishaigeuza redio. "Ina tundu la waya hapa nyuma. Waya wake uko wapi?"

"Baba alikuwa akitumia betri."

"Tundu halikuwekwa kwa ajili ya mende. Zamani ilikuwa na waya. Hebu turudie hesabu."

"Nimehesabu mwenyewe."

"Ndiyo maana nasema turudie."

Tukarudia. Spana zote zilikuwapo, hadi ile ndogo ya kufungulia baiskeli. Waya haukuwapo. Nami nikasema, kwa sauti ile ninayowasemea wenye spea za wizi, "Basi umetembea wenyewe."

Mmoja wa wale tisa akacheka. Nadhani bila kile kicheko yangeisha. Kaka aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati langu, akasema, "Endelea wewe, karani." Kesho yake alipita Chaani akachukua mashine, pedi na CD, akaenda navyo kwake Likoni. Sikumzuia. Nilikuwa na waya. Nilijiambia atakaa wiki, atakaa mwezi, atakuja.

Mama alikuwa ndani na wanawake. Alichosikia ni kwamba wanawe wamekosana kwa ajili ya vitu. Aliponiuliza ni vitu gani nikamwambia ni mambo ya wanaume. Kaka naye, nimekuja kujua, alimjibu vivyo hivyo. Hatukukubaliana kwa lolote miaka ile isipokuwa kumficha mama upuuzi wetu.

Mwaka huu mama akateremka kutoka Kaloleni, alikobaki tangu msiba, kwa kliniki ya presha, akakaa kwangu. Alipomaliza chai ya kwanza akasema, "Krismasi nataka niwaone nyote wawili chumba kimoja. Hata mkigombana, mgombanie ile gemu yenu. Mimi nitakuwa nimeona."

Nikapiga hesabu. Nikienda Likoni kuomba tutumie mashine yake, mimi ni mwombaji. Nikiwa na yangu, gemu ikiwa ile ile, nikamwita, mimi ni mwenyeji. Kati ya mwombaji na mwenyeji kuna heshima nyingi, na heshima ile ndiyo niliyokwenda kuinunua.

Mashine niliipata Kongowea, imetumika, ya kizazi cha karibuni.

"Haina waya, mzee," muuzaji akasema.

"Basi teremsha."

"Ah, waya ni kitu gani, boss?"

"Kama si kitu, mbona hukuuweka?"

Akateremsha. Nami nilikuwa nimekwisha kuona tundu lake: vijitundu viwili vilivyoshikana, sawa na mashine yetu ya kale. Waya niliuhifadhi kwenye droo miaka sita. Nilirudi nyumbani nikijiona mjanja kama mtu aliyeuziwa ng'ombe kwa bei ya kamba.

Gemu yenyewe ndiyo iliyonivunja moyo. Nimezoea muuzaji anayeapa wallahi kwamba hapati faida, akiniita ndugu, akinifuata hadi barabarani. Bei ya mtandaoni haikufuati. Ukiiondokea haijui kuwa umeondoka. Nilifunga ule ukurasa nikaufungua tena mara mbili, kuipa nafasi ya kufikiria, nikaikuta imesimama palepale. Na ukisoma yale masharti yao marefu, ambayo nadhani mimi peke yangu pwani hii nimeyasoma, unaambiwa kwamba hukununua kitu. Umeruhusiwa. Huwezi kumwazima jirani, huwezi kuiuza ukiichoka, na ukifa haigawanywi uani. Kwa upande huo, nilifikiri, ingetufaa.

Nililipa. Ikashuka mchana kutwa, ikamaliza bando. Ilipowaka ilikuwa na rangi, na mtu wangu mzima mwenye heshima zake, kumbe miaka yote ile koti lake ni la waridi.

Nilijaribu mkono kwa kupigana na mashine. Ikanishinda mara nne, na haikuvuma wimbo wowote. Mara ya tano nikashinda mimi, nikageuka kushoto, kule alikokuwa akikaa kaka, nikamwona mama ameingia na kiti chake. Hakuwa akitazama runinga. Alikuwa akitazama ukutani, kwenye plagi.

"Huo si waya wa redio ya baba yako?"

"Huu ni wa gemu, mama. Nimekuwa nao tangu shule."

"Wenu ulitafunwa na panya." Alisema kama anavyotaja bei ya sukari. "Mwaka ule wa panya wengi. Baba yako aliinua godoro lako kuweka sumu, akaukuta umeliwa hadi shaba inaonekana. Mlikuwa shule. Akasema, huyu mdogo akirudi atasema ni kaka yake, na hapatakalika humu ndani. Akauchomoa wa redio akauweka palepale."

"Na redio?"

"Si akatia betri. Hukumwona kila Jumamosi akizianika juani?"

Nilimwona. Miaka na miaka nilimwona, betri nne zimepangwa dirishani kama watoto waliotoka kuoga, na yeye akizigeuza zikapata jua upande wa pili. Nilidhani ni ubahili. Ndipo nilipojifunza wangu.

"Kwani ni nini?" mama akauliza. "Mbona umekaa hivyo?"

Nikamwambia. Ilinibidi nimweleze tulichogombania uani kwake siku zile, akiwa ndani na kanga ya msiba, na nilipofika kwenye maneno umetembea wenyewe aliniomba niyarudie, kwa sababu alidhani amesikia vibaya. Sikuwahi kutamani mtu asinirudishe kwenye hesabu kama siku ile. Aliinuka na kiti chake akatoka nacho. Mlangoni akasema, "Na nukta zake uliziona." Nilikuwa nimeziona. Nilizijua spana zote za baba kwa idadi, na nukta mbili tu zikanishinda.

Jumamosi nikavuka kivuko kwenda Likoni, waya nimeutia mfukoni. Shemeji alinifungulia, "Karibu shemeji, umepotea," akaliacha lile neno lining'inie. Kaka alikuwa ukumbini akitengeneza mguu wa stuli. Ameota mvi upande mmoja.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja kuhesabu?"

Niliuweka waya juu ya meza nikaeleza yote, panya, godoro, betri. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliichukua plagi akazisugua nukta kwa kidole gumba.

"Panya," akasema.

"Panya."

"Yaani miaka sita mimi nimefungwa kwa kesi ya panya."

Shemeji akacheka jikoni, kisha akajizuia. Kaka hakucheka.

"Unajua nilirudi Chaani kuutafuta? Mara tatu. Vitu vya baba nilivipakia kwa mikono hii, nikasema labda kweli niliudondosha njiani. Nikamuuliza hata mwenye lori. Mtu mzima, namuuliza mwenye lori habari ya waya."

"Nisamehe, kaka."

"Hapa tuko wawili, na huyu jikoni. Wewe ulisema mbele ya watu tisa."

"Wanne wametangulia mbele ya haki."

"Basi waambie hao watano waliobaki. Krismasi nitakuja kwako kwa ajili ya mama, tutacheza hata hiyo gemu yako ya hewani. Lakini waambie kwanza."

"Nikimwambia baba mdogo, yule mkubwa wao, yeye akawafikishia wengine?"

"Usinipigie bei."

Nilipoinuka nilimuuliza, ili tu nisitoke na lile neno, kama ile mashine yetu bado ipo.

"Ipo juu ya kabati, ndani ya karatasi yake."

"Huchezi?"

"Sina waya."

"Kaka, waya wa namna hii uko kila duka. Hata hapo nje."

"Najua uliko," akasema, akarudi kwenye stuli yake. Waya alibaki nao. Sikuuliza.

Sasa mashine yangu mpya iko sebuleni bila waya, na gemu niliyoruhusiwa iko ndani yake, haina wa kuiazima wala wa kuinunua. Niliandika kuomba fedha zirudi. Wakanijibu kwa adabu nyingi kwamba nimekwisha kuicheza. Mara tano, wakasema. Wao pia wanahesabu.

Jana nikaanza na baba mdogo, yule mkubwa wao, aliye Kaloleni, ambaye ndiye aliyecheka siku ile. Nilimpigia asubuhi kabla hajatoka.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Njema. Nakupigia kwa lile jambo la siku ya vitu vya baba. Ule waya."

"Waya gani?"

"Wa redio. Nilipomwambia kaka umetembea wenyewe. Mkacheka."

Nilisikia kuku kwake. Alikuwa akitafuta, na nikajua kabla hajajibu kwamba hakuna alichokuwa amekihifadhi. Yale maneno, kicheko chake, kaka kuondoka, vyote tulikuwa tumeviweka sisi wawili tu, kila mtu na nusu yake.

"Sikumbuki," akasema. Kisha sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu anayesogeza kiti karibu. "Kwani kaka yako alichukua waya wa marehemu?"

"Hakuchukua. Ndiyo nakuambia, hakuchukua."

"Mh. Na mbona unamtetea miaka yote hii baadaye?"

Bado wanne, na nitawaambia kila mmoja. Nikabadilisha sikio, nikaanza tena.

"Baba mdogo, nisikilize. Kulikuwa na panya."