Ratiba ya Bungu, Zege la Kwedizinga

Nilimwaga maji ya kuoshea mchele kwenye zege. Nalisema mwenyewe kabla mtu hajaniumbua: ndiyo, mimi Fundi Athumani, mwashi kwa miaka ishirini na saba, nilinyanyua beseni la wapishi mbele ya kijiji kizima hapa Kwedizinga nikaligeuza juu ya saruji na kokoto, punje za mchele zikabaki juu zinang'aa na jua, na Mama Salehe, mkuu wa wapishi, akanishika mkono akapaza sauti kama anaita mbuzi, "Fundi, tema na mate basi, labda litashika!" Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi sikucheka, na mpaka leo sijacheka.

Siku ile tulikuwa tunamwaga linta ya wodi ya wazazi, pale kwenye zahanati yetu. (Linta ni ule mkanda wa zege unaozunguka kuta juu ya madirisha, humwagwa siku moja bila kukatiza, ukikatiza umejitafutia ufa.) Kazi ile niliiomba mwenyewe. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini nyumba nilizojenga zimesimama, na nilitaka jengo moja la watu wote ambalo nikipita uzeeni, hata kwa mkongojo, nitasema hili ni la mkono wangu.

Mambo yalianzia Korogwe. Tuliambiwa mradi hauanzi bila ratiba iliyochapwa, basi Mzee Mhina, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, akanichukua mpaka kwa Yonathan, ambaye ana ofisi yake karibu na stendi ya mabasi na anapanga ratiba za ujenzi kwa programu ya kompyuta. Nilidhani atatuuliza mengi kuhusu kwetu. Hakuuliza. Alifungua ratiba ya zahanati aliyowahi kuipangia kule Bungu, milimani, akasema hicho ni kiolezo, yaani kazi zote zimo tayari tangu kuchimba msingi mpaka kupaka rangi, kila moja na siku zake, na moja ikichelewa zinazofuata zinasogea zenyewe. Akafuta Bungu, akaandika Kwedizinga, akabadilisha tarehe ya kuanza, mashine ikachapa. Chai niliyoagiziwa ilikuwa haijapoa.

Nikaisoma. Mimi nasoma polepole, kwa kidole. Kusuka nondo, ipo. Kupiga mbao, ipo. Kumwaga zege, ipo.

"Maji je?" nikauliza. "Mbona siyaoni?"

Yonathan akatabasamu. "Fundi, maji yamo humo humo ndani ya zege. Programu inajua."

Inajua! Na mimi nikaona nikiuliza tena nitaonekana mshamba mbele ya mwenyekiti wangu, nikashika kalamu, nikasaini. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Maana kule Bungu maji yanapita nyuma ya jengo, mtu anayatega kwa mpira tu, nani atahangaika kuyaandika kama kazi? Kwetu maji ndiyo nusu ya kazi: unayafuata lamboni kwa trekta siku mbili kabla, unajaza mapipa, unayalinda ng'ombe wasiyafikie, ndipo unafungua saruji. Hilo nalijua tangu nilipokuwa saidia fundi. Nalijua kuliko jina langu, na bado karatasi yenye mistari ya bluu ilinifanya nijione mimi ndiye nisiyejua. Hilo ndilo nalowaza sana siku hizi nikikaa peke yangu, kwamba hakuna aliyeninyang'anya ujuzi wangu, niliuweka chini mwenyewe.

Siku mbili kabla ya kumwaga nilimwendea Mzee Mhina atume trekta lamboni.

"Hilo liko kwenye ratiba?"

"Haliko, mzee, lakini..."

"Athumani, umesaini wewe. Trekta siku hiyo linasomba kokoto, imeandikwa. Tusianze kuvuruga mradi wa watu."

Nikarudi kusuka nondo. (Mara ya pili hiyo kuuweka ujuzi wangu chini.)

Watu wa msaragambo, yaani kazi ya kujitolea ya kijiji, walifika alfajiri na mabeleshi yao, wengi kuliko nilivyotegemea, nami nina pipa moja na nusu la maji. Nikasema tuanze tu, nikatuma bodaboda wawili na madumu, lakini wao wanaleta manne zege linataka kumi, na tulipofika ukuta wa tatu pipa likakwangua, mchanga na saruji vimeshachanganywa vikavu, jua limepanda, linta iko nusu. Ndipo nikaenda jikoni. Madumu ya kwanza niliomba, yaliyofuata nilichukua bila kuomba, na mwisho likawa lile beseni. Sasa na chakula nacho hakikupikika. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja na njaa zao.

"Tukishiba tutarudi, Fundi Pilau," akasema mmoja.

Hawakurudi. Jina ndilo lililobaki.

Mkaguzi alipokuja aligonga pale tulipokatizia kwa nyundo ndogo, akabandua punje ya mchele, akaitazama, akanitazama. Mimi hakunisemesha. Alimwambia Mzee Mhina, "Vunjeni yote." Nililivunja mwenyewe, siku tatu, na kamati ikaleta fundi mwingine kutoka Korogwe. Wodi ile sasa ni ya mkono wake.

Nikamfuata Yonathan ofisini. Akaniambia, "Fundi, saini ni ya nani?" Ni yangu, sikatai. Lakini alipokuwa anasema hivyo kompyuta yake ilikuwa wazi, na kiolezo kilekile kinaandikwa jina la kijiji kingine cha huku huku kwetu kwenye ukame, nikapitisha kidole polepole juu ya kioo, kazi moja moja mpaka ya mwisho. Maji hayamo.

Basi nadai Mzee Mhina aitishe mkutano wa kijiji, na Yonathan aje na kompyuta yake. Mimi sehemu yangu nimeilipa kwa nyundo. Yeye aliyefuta Bungu akaandika Kwedizinga bila kuikanyaga Kwedizinga, na yeye aliyenyima trekta kwa sababu maji hayakuandikwa, nani kati yao atasimama mbele ya watu aseme, hili ni langu? Nataka jibu kabla fundi wa kijiji kile hajapandisha kuta zake kufika kwenye linta.